Nyasi Juu ya Unga

Juzi mjukuu wangu alifagia unga wa mbao mlangoni, nikamkaripia: “Acha! Tutafute kwanza wale sisimizi, chungu, wametoboa wapi.”

Utotoni, kwetu Kaisho, mchana mmoja nilikuwa nikitandika nyasi mbichi ndani ya nyumba ya msonge ya bibi. Chini ya nguzo iliyolowa mvua niliona unga wa rangi ya ulezi, na chungu weusi wakubwa wakipita juu yake. Nilidhani ndio unga wa ulezi nilioumwaga asubuhi.

Bibi, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, aliniita kutoka kitandani.

“Nasikia kitu kinatafuna nguzo. Kuna nini hapo?”

“Hakuna kitu, bibi.”

Niliogopa kuchapwa, nikaufunika ule unga kwa nyasi.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha, nguzo ikakatika, paa likamwangukia bibi kitandani. Nyasi zangu zilikuwa bado zinanukia.