Siku Nilipoifanya Upya Simu ya Marehemu

Nawasimulia hii kwa sababu Masisi yote inajua tayari, na afadhali muisikie kwangu mwenyewe mwenye aibu. Nina meza ya kutengeneza simu mbele ya duka la Papa Muhindo, na kwenye ubao niliandika kwa rangi nyekundu "Dokta wa Simu" (hakuna aliyenilazimisha).

Basi Papa Bahati, mkulima wa maharagwe kule mlimani, alifiwa na mke wake, na binti yao Riziki, anayeishi Hombo, hakufika kwenye maziko kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Kabla ya kufa mama alimrekodia ujumbe wa sauti, lakini simu ya Riziki iliporwa njiani kabla hajausikiliza, kwa hiyo sauti ikabaki kwenye simu ya marehemu tu, simu ya zamani sana, kioo kimepasuka, na programu ya ujumbe ilikuwa imegoma kufunguka, inadai toleo jipya, na toleo jipya nalo linaikataa simu.

Barabara ilipofunguliwa Riziki alikuja, akaniletea simu hiyo asubuhi ya siku ya kuondoa matanga. "Kaka, wanasema uko fundi. Nataka tu kumusikia."

Fundi mwenye akili angesema ngoja niangalie. Mimi, kwa kuwa watu wamesimama pale, nikasema, "Dada, hii iko kazi kidogo. Leo mama atasema mbele ya watu wote." Nikaichomeka kwenye kompyuta, nikaondoa mfumo wote wa zamani nikaweka mpya, kama ninavyofanya kwa simu zilizokwama, na ilipofika asilimia mia nilijiona mtu mkubwa (sikujiuliza vilivyokuwa ndani vimekwenda wapi).

Saa nane mchana tulikaa uani kwa Papa Bahati, katekista amemaliza sala, nikaunganisha simu kwenye spika ya kanisa, nikaiwasha. Ikatoa ule mlio wa furaha wa simu mpya, kwa nguvu, watu wameinamisha vichwa, halafu kioo kikaniuliza nachagua lugha gani. Nikabonyeza, nikabonyeza, jasho linanitoka. Ndani hamkuwa na kitu, hata namba moja.

"Iko wapi?" Papa Bahati akauliza.

"Papa, imefutika."

Papa Muhindo alinisogelea, akasema polepole, "Haukuangalia mu dossier, ile folda ya masauti? Zinakalaka mule, hata programu ikikatala." Nilikuwa najua. Kweli nilikuwa najua, ila tamaa ya kuonekana ilinisahaulisha.

Riziki akamgeukia baba yake. "Papa, ulikuwa karibu akirekodi? Alisema nini?"

"Alianza kukohoa," mzee akajibu. "Kisha akasema jina yako. Ingine sikusikia, nilienda kufunga mbuzi."

Simu ile sasa inafungua kila kitu. Riziki aliiacha palepale kwenye kiti. Ubao nimeufuta, na siku hizi mtu akiniletea simu ya zamani, hata kama kilichoharibika ni kioo tu, siigusi kabla sijamuuliza ndani kuna sauti ya nani.