Mguu Ulioambiwa Mzima

Huku Mhezi nafahamika kwa kukaa nyumbani kama chungu cha makande. Basi malaria iliponilaza hadi godoro likashika umbo langu, kisha shavu la mguu wa kushoto likavimba, dada yangu alicheka.

"Safari hii ugonjwa umeutunga vizuri! Na msaragambo ni Jumamosi."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Tulikuwa tuzoe tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba.

Nikashuka Same, hospitalini. Daktari, binti aliyeniamkia shikamoo kabla ya kunivua suruali, alinipaka jeli ya baridi pajani akaanza kubonyeza kwa kifaa cha ultrasaundi.

"Mshipa ukibonyea, uko wazi. Wenye damu iliyoganda haubonyei."

Mishipa ikabonyea yote, mpaka nyuma ya goti.

"Ila donge dogo la huku chini linaweza kunikwepa, baba. Rudi baada ya wiki tupime tena. Usikose."

Nyumbani nilieleza yote. Dada alisikia nusu ya kwanza.

"Yaani umeteremka mlima mzima kuambiwa huumwi?"

Kesho yake dukani nilishakuwa Mzee wa Ultrasaundi. Nirudi tena? Wangesema nimekwenda kuubembeleza ugonjwa. Jumamosi pembe ya kuitia msaragambo ilipolia nikabeba koleo, nikaingia topeni. Walinipigia makofi, nami, mjinga wa watu, nikazidisha bidii.

Wiki ya kurudi ikapita, sikwenda. Iliyofuata, mguu ulivimba hadi pajani, ngozi ikang'aa kama bilinganya. Dada mwenyewe ndiye aliyetafuta gari.

Binti yule yule akabonyeza. Mshipa ukagoma, kama tairi la baiskeli lililojaa upepo. Akabonyeza tena.

"Baba, si nilikwambia wiki moja?"

Dada akatazama ukuta. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Mwambie huyu," nikasema. "Mwambie naumwa."

"Anaumwa sana, mama."

Dawa zilizuia donge lisipande kifuani, lakini uvimbe umegoma kuondoka. Siku hizi pembe ikilia hakuna anayenigongea mlango. Kila asubuhi dada hupiga magoti kunivalisha soksi ya kubana, polepole, kama anavisha maiti. Namchokoza: naye amepata kisingizio cha kukaa nyumbani. Namsubiri anirudishie, hata tusi.

Anavuta soksi, anainuka, anakwenda kuchochea moto.