Jumamosi Nilizosema Niko kwa Senje

Msinitafutie kisingizio. Nilikosa, tena nilikosa nikicheka. Mkimaliza kusoma mnitukane mtakavyo.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Kakamega mjini. Rafiki yangu wa kazini ndiye aliyeniambia kuna mwalimu amekuja, anafundisha wanawake densi ya Kiarabu, ile ya tumbo na kiuno, katika ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa. Kila Jumamosi mchana. Nikaenda kuchungulia tu. Jamani, nilinasa!

Mnajua sisi Waluhya tunacheza kwa mabega. Ngoma yetu ya isikuti, ya harusi na ya matanga, ikilia, bega linaamka lenyewe. Huyu mwalimu alitaka bega lilale, kifua kitulie, magoti yalegee kidogo, halafu nyonga moja ipande peke yake. Peke yake! Tulijifunga kiunoni vitambaa vyenye vibati vidogo, na ukikosea tu vinalia ovyo, kila mtu anageuka.

"Mama, bega hilo!" mwalimu anapiga kelele. "Hapa hatuziki mtu!"

Tulicheka mpaka machozi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona huu mwili ni wangu.

Shida ilikuwa mume wangu. Ni mzee wa kanisa, na kwake mwanamke wa kukata kiuno ni mwanamke wa kilabuni. Ningeanzia wapi kumwambia?

Nikamwendea senje. Ndivyo tunavyomwita shangazi huku kwetu, na huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Aliishi peke yake Khayega, wanawe wakiwa na miji yao mbali. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Nilipomweleza habari ya densi alicheka, akajipiga mapaja.

"Enda ucheze, mwanangu. Bwana yako akiuliza nitasema uko hapa. Lakini ukitoka huko upitie unione."

Nikasema nitapitia. Jumamosi ya kwanza nilipitia kweli. Baadaye, wapi! Darasa likiisha tunakaa na wenzangu kunywa chai, tunaonyeshana mitindo kwenye simu, jua linashuka, naenda nyumbani. Nilijiambia nitaenda wiki ijayo.

Mume wangu alijivuna sana. Akatangaza kanisani na kwa jamaa wote, "Mke wangu anaendanga kumwangalia shangazi yake kila Jumamosi." Akipiga simu kumsalimia, senje anamjibu, "Ako hapa, ananisongea obusuma," ule ugali wetu. Alinifichia siri hiyo akiwa peke yake ndani ya nyumba, na mguu unamuuma! Hakunilaumu hata siku moja.

Jumamosi ile tulikuwa tunajifunza wimbi la tumbo. Misuli ya juu inaingia, ya chini inatoka, kisha unageuza. Wengi lilikuwa limewashinda. Mimi nikaliweza, wenzangu wakanipigia vigelegele. Nilirudi nyumbani naimba.

"Nimepigia senje simu hakushika," mume wangu akaniambia. "Ako sawa?"

"Alikuwa amelala," nikajibu.

Hata sikusita! Ulimi wangu ulikuwa umezoea. Mume wangu ana pikipiki, na Khayega si mbali. Angeenda. Nusura aende, mimi nikamketisha kwa maneno mawili.

Jirani alimkuta senje Jumapili baada ya ibada, ameshakufa. Alikuwa sakafuni jikoni, simu iko juu ya meza asipoweza kuifikia. Jirani alisema mwili ulikuwa bado na joto. Ee Mungu wangu! Maana yake alilala pale akiwa hai, simu inalia, na mimi niko kwangu nasema amelala.

Kwetu, marehemu hazikwi kabla ya aliyemuuguza kusimama mbele ya watu na kueleza ugonjwa: ulianzaje, alikula nini mwisho, alisema nini. Mshereheshaji akaliita jina langu. Mimi! Nani mwingine, na kila mtu alijua ndimi niliyekuwa naye?

Nikasimama nikaeleza. Nikasema Jumamosi alikula vizuri, kidogo kidogo, akanishukuru, akasema watoto wake wasigombanie shamba. Yote nilitunga palepale. Watu walilia. Sasa wanawe wameyaandika maneno yale kwenye msalaba wake, na kila nikienda nayasoma.

Baada ya mazishi mke wa mwanawe alinishika mikono yote miwili. "Asante, wifi. Mimi nilikuwa nakujanga kutoka Mayoni kila Jumamosi, namuosha kidonda, namtekea maji. Bwana yako akasema uko, nikaona wacha nipumzike. Nilijua ako na mtu."

Kumbe kosa langu halikuwa kutokwenda tu! Nilimwondoa hata yule aliyekuwa anakwenda.

Nilijaribu kurudi darasani mara moja. Muziki ulipoanza nikalegeza magoti, nikalaza bega, na pale pale nikamsikia kwa sauti yake ileile: upitie unione. Niligeuka nikidhani yuko mlangoni. Nikavua kitambaa nikatoka bila kuaga. Tangu hapo ninamsikia mchana kweupe, nikiosha vyombo, nikiwa kazini, hata nikiomba.

Msinielewe vibaya, densi haina kosa. Kiuno hakijaua mtu. Aliyeua ni mimi na mdomo wangu, na mpaka leo mume wangu hajui. Hunifariji, masikini! Anadhani nalia kwa sababu nilimpenda senje kuliko wote.

Na sasa mama mkwe anaugua kule Shinyalu. Jamaa walikaa wakanichagua mimi, eti nina mkono wa wagonjwa, nilivyomtunza shangazi. Wamerudi makwao mioyo imetulia. Ninakwenda, wallahi ninakwenda, lakini naogopa jinsi wanavyoniamini.

Ndugu zangu, ukitaka kumdanganya mumeo, mdanganye kwa jambo lingine, usitumie mgonjwa. Na wewe uliyeambiwa mzazi wako ana mtu wa kumwangalia, usitulie. Toka uende ujionee kwa macho yako, hata kama huyo mtu ni mimi.