Jiko Lililoogeshwa

Tokuji Hamade aliliogesha jiko la mkewe, nalo likafa.

Hakukusudia baya. Majani yalikuwa yameanza kupukutika, na watu wa kijiji chake, pale pwani ya Noto, walikuwa wamepanda kilimani kuzuru makaburi kama ilivyo ada. Tokuji alilisugua jiwe la kaburi la Fusae, mkewe, kwa brashi, akalimwagia maji kata baada ya kata mpaka likang'aa, akawasha ubani. Aliposhuka nyumbani, mikono ilikuwa bado ina hamu ya kusugua. Akaliona jiko kibarazani: jiko refu la makaa, la udongo wa mlimani, liitwalo shichirin, limejaa masizi ya miaka. Akasema moyoni, na hili nalo ni la Fusae. Akalizamisha kwenye beseni, akalisugua kwa sabuni.

Jioni akatia makaa ili ajaribu, kwa mara ya kwanza, kuchoma samaki mmoja. Jiko likasema ta! Likapasuka vipande viwili.

Akala wali baridi na figili ya chumvi. Akalala.

Kesho yake akaja Kinuyo, mdogo wa marehemu, na kapu la biringanya. Hakusalimu. Alisimama akavitazama vile vipande.

"Shemeji, umelifanya nini jiko la dada?"

"Nimeliosha."

"Kwa maji?"

"Na sabuni."

"Na sabuni! Maskini dada yangu. Ameishi na mwanamume mpaka nywele zikawa nyeupe, na mwanamume mwenyewe hajui kwamba jiko haliogi."

Hapo Tokuji akakumbuka. Kila aliposogea kibarazani na ndoo, Fusae alikuwa akipiga kelele kutoka ndani: "Hilo haliogi! Kaoge wewe!" Naye siku zote alidhani ni mzaha juu ya jasho lake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini palikuwa na jambo lililomkaba. Mwaka wa kwanza wa kifo cha Fusae ulikuwa unakaribia. Mtawa angekuja kusoma sala, na Tokuji alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo ataweka kwenye madhabahu ya nyumbani biringanya aliyoichoma kwa mkono wake. Aichome kama Fusae alivyokuwa akiichoma, ngozi nyeusi ti, nyama laini ndani, tangawizi juu. Yeye alikuwa fundi wa vigae vya paa. Maishani mwake hakuwahi kuchoma hata yai. Na sasa hata jiko hana.

"Nunua la duara," alisema Kinuyo. "Dogo. La mtu mmoja."

"Fusae alikuwa na refu."

"Refu ni la wenye watu wao."

"Sisi tulikuwa wawili tu. Hatukujaliwa mtoto. Mbona alikuwa na refu?"

"Nitajuaje mimi? Asiyekuwepo na lake halipo, shemeji. Chukua la duara."

Neno lilimtoka, naye akaona haya. Akaanza kupanga biringanya upya kapuni, ingawa zilikuwa zimepangwa vizuri.

Alipoondoka, Tokuji alichuchumaa mbele ya vipande. Sasa tu, baada ya miaka yote ile, alikuwa analitazama jiko lile. Akaona ajabu. Nusu moja ilikuwa imeungua mpaka chini, nyeusi kama chungu cha lami. Nusu ya pili ilikuwa karibu safi, rangi ya udongo wake wa asili. Fusae alikuwa akitia makaa upande mmoja tu. Kwa nini? Mtu anunue jiko refu, kisha atumie nusu? Tokuji akamega kigae kidogo cha jiko, akakitia mfukoni, akawasha kigari chake cha mizigo.

Karakana ya majiko ilikuwa chini ya kilima, palepale udongo unapochimbwa. Fundi wake aliitwa Yachi. Alitoka shimoni na patasi ndefu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi kama mzee, kumbe hajafika hamsini.

"Karibu, babu. Jiko la watu wangapi?"

Tokuji alifikiri.

"Mmoja na marehemu."

Yachi hakucheka, wala hakutoa pole.

"Basi wawili," alisema.

Akamwekea majiko matatu juu ya ubao. La kwanza la duara, la vumbi lililokandwa na kushindiliwa kwenye kalibu. La pili la duara pia, lakini limechongwa kutoka bonge zima kama lilivyotoka mlimani. La tatu refu, nalo la kuchonga.

Tokuji alianza na masikio, kama alivyozoea kwenye vigae. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Kigae kizuri hulia. Haya hayakulia.

"Mabubu," akasema.

"Jiko likilia, babu, ujue limekwisha."

"La kwangu lililia jana."

Akaliinua lile refu, nusura limpige kidevuni. Mikono ilikuwa imejiandaa kwa uzito ambao haukuwapo.

"Umetia nini humu?"

"Hewa. Toa ulimi."

"Nini?"

"Toa ulimi, babu, hapa hakuna daktari. Gusa jiko."

Tokuji alitazama kulia na kushoto. Akautoa ulimi, akaugusisha ukingo wa jiko. Ulimi ukanata. Akauvuta, ukakataa, kisha ukabanduka na ladha ya chaki.

"Linakunywa!" akasema, na kicheko kikamtoka. Alishtuka kukisikia. Kilikuwa kikavu, kama mlango uliofungwa mwaka mzima.

"Linakunywa kuliko wajomba zangu," alisema Yachi. "Ukilitia majini linashiba. Ukiliwashia moto kabla halijakauka, maji yanatafuta mlango, na mlango hakuna."

Tokuji akatoa kile kigae mfukoni. Akaeleza habari ya nusu mbili.

Yachi akakigeuza. "Hapo umenishinda. Mimi nachonga tu, wapishi wana yao. Pengine mama alikuwa bahili wa makaa."

"Fusae? Fusae alikuwa anawapa makaa majirani."

"Basi sijui, babu."

Tokuji alilishika tena lile la duara, la kuchonga. Lilikuwa zuri. Lingetosha samaki mmoja, bakuli moja, mdomo mmoja. Kinuyo alisema kweli. Mkono wake ulilizoea upesi, na jambo hilo hasa ndilo lililomtia hofu. Akalirudisha ubaoni.

"Nipe refu."

"Una hakika? Litakula makaa zaidi."

"Nataka kuijua ile nusu."

Siku zilizofuata aliunguza biringanya nyingi. Nyingine zilikuwa mkaa nje na mbichi ndani. Kinuyo alipita, akaonja, akatema uani. "Hii hata dada angefufuka aikimbie." Tokuji akazidi kuchoma. Akajifunza kufungua kidirisha cha hewa na kukifunga, na kupunga upepeo polepole. Makaa akayatia upande mmoja tu, kwa sababu Fusae alifanya hivyo. Sababu yenyewe hakuiona.

Siku ya kumbukumbu ilifika. Mtawa aliahidi kuja kabla ya saa sita mchana, pamoja na Kinuyo. Tokuji akachoma biringanya nne. Kwa mara ya kwanza zilimtii. Ngozi ikawa nyeusi, ikaanza kulegea, mvuke ukatoka kwenye kikonyo. Wageni hawakutokea. Mtawa alikuwa na nyumba nyingine za kusomea, na kila nyumba ina chai yake.

Afanyeje? Akiziacha zitaungua. Akizitia sahanini zitapoa. Bila kufikiri, akazisukuma kwa vijiti mpaka mwisho wa wavu wa jiko, kule kusiko na makaa. Akakaa barazani akingojea.

Jua lilikuwa limekwisha kupita juu ya paa mtawa alipofika na Kinuyo, akaomba radhi. Sala ikasomwa. Ndipo Tokuji akarudi kwenye jiko, akijua moyoni kwamba chakula kimekwisha kuharibika. Akaigusa biringanya. Ilikuwa na moto wake mzuri, tayari kwa mdomo.

Akabaki amechuchumaa, kidole juu ya ngozi ile nyeusi.

Mapaa hayana saa. Mvua ikikaribia, fundi hashuki mpaka amefunika. Tena wenye nyumba humkaribisha pombe ya mchele. Alikuwa akirudi jioni yoyote, saa yoyote, hatoi habari, na samaki alikuwa moto. Kila siku alikuwa moto. Tokuji alidhani ni bahati, kwamba kila mara amefika samaki akiepuliwa.

"Shemeji, umelala hapo?" Kinuyo alisimama mlangoni.

"Nimeijua ile nusu," alisema.

"Ipi?"

"Ilikuwa yangu."

Kinuyo hakuelewa, ila aliuona uso wake, akaacha kuuliza. Tokuji akamenya biringanya ya kwanza, akaikunia tangawizi, akaiweka mbele ya picha ya Fusae. Mtawa akala yake, Kinuyo akala yake. Safari hii hakutema.

Ikabaki moja kwenye wavu. Kinuyo akanyoosha vijiti.

"Na hii, ya nani?"

"Iache palepale."

"Wewe hujala?"

"Nitakula. Wacha kwanza ingoje."

Kinuyo akakusanya sahani, akaenda kisimani, akarudi na ndoo ya maji akielekea kibarazani. Tokuji akainuka upesi kuliko magoti yake yalivyopenda, akasimama mbele ya jiko.

"Pita kule na ndoo yako! Hili haliogi."