Koti Alilolipiga Pasi Mama

Chombo tulichokuwa tukikitengeneza chuoni, hapa Dodoma, kilikuwa kiende angani ndani ya setilaiti, kinase miali ya gama kutoka kwenye nyota zinazolipuka. Huku chini miali hiyo haifiki, hewa inaizuia. Kabla ya kukirusha tulitakiwa kujua kinaona nini pasipo nyota, kwa hiyo tulikizungushia matofali ya madini ya risasi, maana hata mawe ya Dodoma yana mionzi yake.

Kipindi hichohicho mama alitoka hospitali. Alikuwa na saratani ya tezi ya shingo, na walikuwa wamemnywesha iodini yenye mionzi. Kurudi Chemba, kwenye nyumba iliyojaa wajukuu, haikuwezekana. Nikamweka kwangu Mkonze, chumba cha peke yake. Daktari alisema tukae naye mbali kwa wiki kadhaa. Kwetu shikamoo unaitoa umeinamisha kichwa, mkubwa akuwekee mkono. Mimi nikawa naitoa mlangoni, wima kama mgambo. Niliuchukia ule mlango.

Asubuhi moja grafu ya chombo chetu ikaota kilima, palepale inapoonekana mionzi ya iodini. Wenzangu wakalaumu nyaya. Mimi nikagundua kwamba nikikisogelea chombo kilima kinapanda, nikirudi nyuma kinashuka. Nikalitazama koti langu jeupe la maabara. Lilikuwa limenyooka kuliko nilivyowahi kulinyoosha mimi. Nilipokuwa naoga, mama alikuwa ametoka chumbani akalipiga pasi, na jasho la mikono yake, lenye ile iodini, lilikuwa kwenye kola. Nilitoka nje nikalia, wala sioni aibu kusema.

Jioni nilimwambia kwa upole.

"Kwa hiyo nimekuharibia kazi?"

"Kidogo tu, mama."



Wiki zilipokwisha nilikuja na kipima mionzi, nikampima. Kipima kikakaa kimya, mionzi ilikuwa imemwisha. Lakini ugonjwa ulikuwa umemzidi, sauti imebaki ya kunong'ona. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Sasa ruksa."

Akaficha mikono ndani ya blanketi.

"Marahaba. Usinisogelee, baba. Nitakuharibia tena."

Nilimwelewesha, nikamwelewesha tena. Akatikisa kichwa. Sikutaka kumvuta mikono kwa nguvu, nikasema kesho atakubali.

Alifariki alfajiri. Wanawake wa kanisani wakaingia kumwosha, mimi nikangoja nje pamoja na wanaume.