Mkanda wa Taa Juu ya Mto

Fundi umeme huyu watu walimwita Rula, wala hakuchukia. Mkanda wa taa alioubandika yeye ulifuata ukingo wa dari umenyooka sawasawa, kona hazina mikunjo, na waya huoni hata mmoja. Wateja walimcheka kwamba ana wazimu kidogo, kisha wakamwita tena.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake mwenyewe. Mama yake, ambaye kiharusi kilimwacha na upande mmoja usio na nguvu, alikuwa amesinzia kwenye kochi. Rula alimaliza kuta tatu, akaishiwa vibanio vya kona. Mtu mwingine angebandika hivyo hivyo. Yeye? Thubutu! Alichomeka mkanda uliobaki aone kama una taa iliyokufa, akauacha unawaka ukiwa bado umeviringwa kwenye roli lake, juu ya mto, miguuni pa mama. Akafunga mlango kwa ufunguo, mtu asije akamsumbua mgonjwa, akaenda dukani.

Muuza duka alikuwa akimwonya mteja: "Dada, taa hii ya mkanda usiiwashe ikiwa imeviringwa hivi. Inapata moto, itakuunguzia nyumba."

Maneno hayo Rula huwaambia wateja kila siku. Mganga hajigangi. Damu ilimganda, akaacha vibanio mezani na kutimua mbio. Alijipa moyo kwamba mama ana simu, kisha akakumbuka iko kwenye chaji chumbani.

Mlangoni alinusa plastiki inayoungua. Ufunguo ulimponyoka mara mbili.

"Mama! Mama!"

Mama alikuwa sakafuni karibu na ukuta, anahema, plagi mkononi. Mto ulikuwa na shimo jeusi linalofuka moshi. Alikuwa amejiburuta kwa mkono mmoja chumba kizima, mtu ambaye hata kugeuka kitandani husaidiwa.

Rula alipiga magoti akamkumbatia, akilia bila aibu.

"Nisamehe, mama. Si ungepiga kelele majirani waje?"

"Wangeingilia wapi? Umefunga." Alivuta pumzi kwanza. "Nilikuita wewe, mwanangu. Nimekuita sana. Nilipoona kimya, nikajiendea mwenyewe."