Mzee Aliomba Kamera Izimwe

Marehemu alinisemesha asubuhi kweupe, nimevaa hedifoni, kikombe cha chai mkononi.

"Zima hiyo kamera."

Chai yote mapajani. Mwenye sauti hiyo alishazikwa mwaka uliopita!

Ngoja nianze vizuri, msije mkanikimbia.

Mimi ni fundi sauti wa filamu. Nasafisha kelele, napandisha sauti za watu, natandika muziki chini yake. Filamu hii ilikuwa ya maisha halisi: siku za mwisho za mzee mmoja fundi saa, aliyekuwa anaugulia nyumbani kwake. Alikubali mwenyewe kurekodiwa. Mcheshi huyo, na mtanashati balaa. Hata kitandani shati lake limepigwa pasi.

Mwongozaji, ambaye ndiye pia mpiga picha, tunamwita Skafu. Jua liwake, mvua inyeshe, skafu iko shingoni.

Basi Skafu akaniletea kipande cha mwisho, mzee akikata roho, amekifunika na kinanda cha majonzi.

"Wewe pandisha kinanda tu, dada. Watu watalia mpaka basi."

Sasa mimi nina ugonjwa wangu. Siwezi kugusa muziki kabla sijasikia kilicho chini yake. Nikatoa kinanda, ndipo mzee akasema zima.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Skafu huyo anajibu: "Nimezima, mzee. Si unaona taa haiwaki?"

Taa! Skafu ana tabia ya kubandika tepu nyeusi juu ya ile taa nyekundu ya kamera, eti watu wasiwe na wasiwasi. Mzee wa watu akaangalia, akaamini.

"Haya meno yananiumiza," akasema polepole. "Ila mke wangu asinione hivi. Hajawahi."

Akatoa meno ya bandia, ya juu na ya chini, akayatia kwenye kikombe. Mashavu yakabonyea. Akapumua kidogo, akatulia. Ndiyo ikawa basi.

Nililia, siwafichi. Halafu nikapandwa na hasira.

"Si alikubali kurekodiwa?" Skafu akajitetea nilipombana.

"Alikubali, halafu akakataa. Umemdanganya mtu anayekufa!"

"Usinipande kichwani. Watu wanaogopa kifo kwa sababu wanafichwa. Nisipowaonyesha mimi, nani atawaonyesha?"

Hapo alinikamata kidogo, maana hoja ilikuwepo. Na mchana uleule mjane alikuwa anakuja kuitazama filamu kabla haijatoka.

Akaja, mkoba kaupakata. Tukaanza. Jamani, yule mama alicheka! Mumewe akisema kitu kwenye skrini, yeye anamjibu.

"Muongo huyo! Ile saa aliiharibu mwenyewe."

Tulipofika kipande cha mwisho, kidole changu kikasimamisha filamu chenyewe.

"Mama, kinachofuata ni baba akifariki. Aliomba kamera izimwe. Haikuzimwa."

Skafu alinitolea macho, nikajua leo sina kazi.

"Alisema kwa nini?" mama akauliza.

Nikimwambia, mimi na Skafu tuna tofauti gani?

"Ni siri yake, mama."

Akanitazama. Kisha akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi.

"Meno, siyo?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Mwanangu, ulale na mtu miaka yote ile usijue? Anazima taa kwanza ndipo ayatoe, nami najifanya nimelala. Siku ile, huyu bwana alipotoka kuwaita majirani, ni mimi niliyemrudishia mdomoni. Wakamkuta yuko vizuri."

Skafu uso ukachanua. "Basi mama, kama ulikuwa unajua, tukionyesha kuna ubaya gani?"

Kicheko kikakatika palepale.

"Nilijua, na sikumwambia mpaka amekufa. Kwa sababu alitaka nisijue. Wewe alikuambia uzime. Zima."

Hakupandisha sauti. Skafu akavua skafu, mara ya kwanza namuona shingo, akavuta kiti, akaketi, akakifuta kile kipande mwenyewe, mama akiwa amesimama nyuma yake.

Filamu ilitoka. Siku hizi inaishia kwenye mlango wa chumba cha mzee. Unafungwa, na ndani unasikia saa zake za ukutani zinagonga, huku mama akipanga vikombe jikoni. Kinanda hakuna. Ukumbi mzima ulilia, na wa kwanza alikuwa Skafu.

Wanaotaka kutuonyesha kifo wana sababu zao, na nyingine ni nzuri tu. Ila ndugu zangu, anayekufa bado ni mtu, na akisema zima, wewe zima kweli.